Clifford na Jiko Lililokataa Kuwaka

Siku Clifford alipomng'oa Hakim meno mawili, mimi nilikuwa palepale sebuleni, na neno lililonitoka kinywani lilikuwa "Mpige!" Naliweka mwanzoni kabisa, maana nikiliacha mpaka mwisho nitalipamba, na mimi nimechoka na watu wanaojipamba. Naitwa Rukiya. Wazee wangu walitoka Unguja, mwenyewe nimezaliwa Dubai, na mwaka 2017 nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni kule Hatta, milimani karibu na mpaka wa Oman. Tulikuwa wafanyakazi watano. Hafiz alikuwa msimamizi. Annah, Mkenya, alisafisha vyumba. Hakim, Mganda, alitunza bustani na mbuzi wa arbab, yaani tajiri wetu mwenye nyumba. Clifford alishika kila kilichoharibika, kuanzia bomba la choo mpaka antena ya televisheni.

Clifford alikuwa mtu wa Webuye, Kenya. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, naye alimfundisha kazi kwa spana, yaani alimpiga nayo. Juu ya sikio la kushoto alikuwa na kovu refu kama kidole, na ukimuuliza alicheka: "Hii ni ya nati nilipoteza nikiwa na miaka tisa." Alilisema kama mtu anayekusifia baba yake. Nadhani hakuwahi kuonyeshwa njia nyingine ya kumfahamisha mtu kosa lake.

Dubai aliingia kama mlinzi. Alilinda jengo moja Bur Dubai, maduka ya vitambaa chini na ofisi juu, akisimama kwa muda wa saa kumi na mbili, na usiku alilala kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, wanane chumba kimoja. Huko alipigana kila wiki. Alipigania nafasi kwenye basi la kampuni, alipigania kitanda cha chini, na siku moja alimpiga mtu kwa kifuniko cha sufuria kwa sababu ya yai. Kofi moja tu hakulirudisha. Msimamizi wake alimkuta amekaa kwenye ngazi, akamzaba mbele ya wauza vitambaa wote. Kumrudishia kungekuwa jela na kufukuzwa nchini, kwa hiyo Clifford alilimeza. Alilimeza miaka miwili na halikushuka.

Alipopata kazi Hatta alifika amevaa lile shati la ulinzi, la kijivu, namba 417 imeshonwa begani. Kabla hata hajanywa chai alilivua mbele yetu, akaling'ata kwenye mshono na kulirarua vipande. "Khalas! Hii ngozi sivai tena." Tukapiga makofi. Annah alicheka mpaka akakaa chini. Vipande Clifford akavitia kwenye ndoo yake ya matambara, maana fundi hatupi kitambaa.

Sasa huku kuna desturi ambayo kila mfanyakazi anaijua. Joto likikaribia, kabla pepo za vumbi hazijaanza, nyumba inayofungwa huzibwa kila tundu. Chini ya milango, kwenye feni za choo, kwenye mabomba ya mashine za kufulia, kote husokomezwa matambara, la sivyo mwezi wa kumi utakuta mchanga hata ndani ya vijiko. Yetu ilifungwa mwezi wa tano, kwa sababu hakuna mgeni anayepanda Hatta kuja kuungua. Clifford ndiye aliyeziba, akiimba, na nikimdhihaki kwamba ataziba hata pua zetu alinijibu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, Auntie." Mwezi wa kumi alizunguka akizibua, akajaza ndoo mbili.

Baridi ilipoingia, tukawasha jiko.

Jiko lenyewe lilikuwa la Madam Ghania, mke wa arbab. Alikuwa ameliona safarini Italia akalipenda, likaja kwa meli ndani ya sanduku la mbao. Halitumii kuni wala mkaa. Linakula vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vidogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Unavimimina juu kwenye tangi, skrubu ndefu inavisukuma kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha chuma chenye matundu, kijiti cha umeme kinawasha, feni inapuliza, na moto unaonekana nyuma ya mlango wa kioo. Mwaka wa kwanza liliwaka vizuri mno. Wageni walilipiga picha kuliko walivyoipiga milima.

Mwaka wa pili likakataa. Ilikuwa wiki ya katikati ya Desemba, na Madam alikuwa aje Jumamosi na mama yake mzee asiyevumilia baridi. Hafiz alimwita Clifford akamwambia mbele yetu: Jumamosi jiko liwe linawaka, la sivyo mwenye kosa anarudi kwao. Hafiz hakuwa mtu wa kutisha bure. Mwaka uliotangulia alimrudisha mpishi aliyenitangulia kwa sababu ya zulia alilolimwagia mchuzi.

Jumatatu Clifford aliliwasha akakaa mbele yake amekunja miguu. Moto ulikuja wa njano, mlegevu, ukiyumba kama mlevi, na ndani ya nusu saa kioo kikawa cheusi. Kikombe kilijaa vidonge vilivyoungua nusu. Alilizima, akakikwangua kikombe, akazibua kila tundu kwa waya, akawasha tena. Yale yale. Jumanne alishuku vidonge vimeingia unyevu. Alivunja kimoja karibu na sikio, kikalia tak, kikavu. Akafungua gunia jipya. Yale yale. Alichomoa kijiti cha kuwashia akakijaribu, kikawa chekundu vizuri. Feni ilizunguka. Skrubu ilisukuma.

Hapo ndipo alipoanza kulipiga. Alilitandika makofi juu, akalipiga teke ubavuni, akalitukana kwa Kiswahili na Kibukusu, na mwisho akaupiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka na rangi ya ukuta ikaingia damu. Nilimpa kitambaa cha kujifunga.

"Hasira hasara, mwanangu," nikamwambia.

"Auntie, hii kitu inanicheza. Kuna kitu inanificha."

Jumatano akaona mlango. Mlango wa jiko umezungushiwa kamba nene nyeupe isiyoungua, ya kuuziba. Clifford alibana karatasi kati ya mlango na jiko akaivuta, ikatoka bila kazi. "Hii hapa!" akapiga kelele. "Kamba imeisha!" Ndani ya lile sanduku la Italia mlikuwa na kamba ya akiba na kioo cha akiba. Akaibandika kamba mpya kwa gundi, kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto kidonda, na ilipokauka ikabidi mlango usukumwe kwa goti ndipo ufunge. Alifurahi sana siku ile. Alikula sahani mbili za wali.

Alhamisi asubuhi Hakim alileta gunia la vidonge. Hiyo ilikuwa kazi yake kwa sababu magunia yalikaa stoo ya mbuzi, pembeni ya magunia ya chakula cha mbuzi, na chakula hicho nacho ni vidonge, vya kijani, umbo lile lile. Alimimina, akabonyeza kitufe cha kuwasha, akabaki kukunja gunia. Annah alikuwa anapangusa meza. Aliona moshi mweupe umejaa ndani ya jiko na hakuna moto, akainama kuchungulia.

Jiko likalipuka, na mlio wake nilidhani ni mtungi wa gesi umepasuka jikoni kwangu. Nilikimbia na mikono yenye unga. Mlango wa kioo haukuwapo tena, masizi yalikuwa yanashuka kwenye mito ya Madam, na Annah alikuwa amepiga magoti ameshika uso, damu inamchuruzika kati ya vidole mpaka kwenye viwiko. Aliita mama yake. Nilipomtoa mikono nikaona vioo vimemchana kuanzia kwenye nyusi hadi kwenye taya, na kipande kimoja kilikuwa bado kimesimama shavuni.

Clifford aliingia kwa mlango wa nje. Alimwona Annah, ambaye alimwita dadake ingawa hawakuwa ndugu. Akamwona Hakim na gunia tupu. Kisha akaona chini, miguuni pa jiko, vidonge vitatu vinne vya kijani.

"Umeweka chakula ya mbuzi kwa jiko?"

"Hapana, ssebo," Hakim akasema, neno lao la heshima. "Hiyo imetoka kwa mfuko yangu. Mimi huwapa mbuzi kwa mkono. Haki ya Mungu, Clifford, kwa jiko sikuweka."

Damu ya Annah ilikuwa imenifikia kwenye kanzu. Ndipo niliposema neno langu. Sikulisema polepole.

Clifford alimpiga Hakim ngumi ya kwanza mdomoni, na nilisikia meno. Hakim alianguka juu ya meza ya kioo, ikavunjika naye. Akajaribu kuamka akisema tena "sikuweka", na Clifford akamshika kola akampiga ya pili na ya tatu palepale pa kwanza, halafu akaanza mateke ya mbavu. Hakim aliacha kujikinga. Alijikunja tu, na kila teke lilipoingia alitoa pumzi kama mtu anayetua mzigo. Hafiz ndiye aliyeyakomesha. Alimkamata Clifford nywele akamkokota mpaka barazani, na alichokuwa anapigia kelele ni zulia.

Annah alipelekwa hospitali akashonwa nyuzi kumi na moja. Jicho lilipona kwa upana wa ukucha. Hakim hakupelekwa popote, kwa sababu hospitali wangeuliza kapigwa na nani. Nilimwosha mdomo kwa maji ya chumvi, nikamfunga shavu kwa mtandio wangu. Hafiz alikuja akasimama juu yake, akasema mambo yamekwisha: Jumamosi, gari litakalomleta Madam litamchukua Hakim kumpeleka uwanja wa ndege, viza imefutwa. Hakim alikuwa Hatta mwaka wa sita. Mbuzi wote aliwapa majina.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Clifford alikuwa ametia kile kioo cha akiba. Akataka kumwonyesha Hafiz ushahidi, ajipatie sifa. Akatandika shuka sakafuni, akamwaga tangi lote, akapiga magoti na kuanza kuchambua vidonge kama mwanamke anayechambua mchele. Nilikuwa nimebeba chetezo, nafukiza udi kuondoa harufu ya masizi, nikasimama kumtazama. Alifika nusu. Akafika mwisho. Akarudia.

"Auntie, hakuna."

"Hakuna nini?"

"Ya kijani. Hakuna hata moja."

Akafungua kikombe na njia ya skrubu, akavuta kila kilichokuwamo kwa kidole. Vyote vilikuwa vya mbao.

Akarudisha vidonge akawasha. Moto ule ule mlegevu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya wiki nzima, akaufungua mlango upana wa kidole tu. Moto ukasimama. Ukapanda mweupe, mrefu, unanguruma. Akaufunga, ukazimia. Akaufungua, ukasimama. Aliniomba chetezo akakisogeza kwenye ule upenyo, na moshi wa udi ukavutwa ndani kwa nguvu kama mtu anayenywa.

"Inakosa hewa," akasema. "Ilikuwa inapumua na ile kamba mzee. Nikaiziba, moshi ikajaa ndani mpaka ikalipuka."

"Hewa yake inapitia wapi basi?"

Alilala chini akatazama nyuma ya jiko. Kulikuwa na bomba jembamba, si lile la moshi, limeingia ukutani karibu na sakafu. Tukatoka nje, tukazunguka nyumba, mimi nimekichukua tena chetezo changu. Upande huo kuna mihina imeota mpaka ukutani, na hapo chini, nyuma ya matawi, ndipo bomba lilipotokea. Clifford aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akavuta. Kitu kikaja polepole, kimeshiba vumbi, kijivu. Ulikuwa mkono wa shati, na begani pana 417.

Alikuwa ameziba mwezi wa tano kwa mikono yake, na mwezi wa kumi mihina ilikuwa imelificha bomba, hakuliona. Basi. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Akanirukia. Mkono mmoja ukanishika koo, akanisukuma ukutani hadi kisogo kikagonga.

"Hujaona kitu, Auntie. Umeskia? Hujaona."

"Toa mkono wako."

"Hakim ni mtu wa mbuzi, atapata job kokote! Mimi nikifukuzwa naanza tena na ulinzi Muhaisnah! Siwezi!" Alikuwa analia, na vidole vinazidi kukaza. "Kesho anaenda, inaisha!"

Nilikuwa sipati pumzi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umeshika chetezo, chetezo cha udongo kizito, kina makaa. Nilimpiga nacho upande wa kichwa, pale pale penye kovu la baba yake, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Kilipasuka. Makaa yalimwagika shingoni na ndani ya shati lake, akapiga ukelele, akaanguka kwenye mihina akijipangusa. Ngozi iliungua, niliinusa. Sikumwonea huruma. Nasema kweli, wakati ule nilitamani chetezo kingekuwa kikubwa zaidi.

Nilipopata sauti nilimwambia, "Mtu alikwambia sikuweka, ukamtoa meno. Na mimi nikakwambia mpige. Wewe kaa hapo ujipepee. Mimi naenda kwa Hafiz, nikaseme yako na yangu."

Nilitembea hatua kama kumi hivi, koo linawaka. Nikasikia viatu nyuma yangu, nikageuka nikijua atanimaliza. Alinipita. Alikuwa amekivaa kile kipande cha shati, amekiingiza kwenye mkono wa kulia, kinamwaga vumbi, na damu inamshuka sikioni. Akaingia ofisini kwa Hafiz kabla yangu.

Aliyasema yote amesimama, Kiingereza na Kiarabu cha kazini, hakuacha kitu. Mimi ni mwenye kosa, sir. Hakim hana. Nami nikaongeza la kwangu, lakini Hafiz hata hakunitazama. Akamwita Hakim. Hakim akaja ameshika mbavu, mtandio wangu bado umemfunga shavu. Hafiz alimwonyesha kile kitambaa, kisha akamgeukia Clifford akamzaba kofi. Akamzaba la pili kwa mkono wa nyuma. Halafu akavua kiatu akampiga nacho usoni, mara nne, mara tano, sikuhesabu vizuri.

Clifford alikuwa ameipeleka mikono nyuma. Mmoja ulikuwa umeshika kifundo cha mwenzake, umekikaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Hakuufungua. Hafiz alipochoka, akavaa kiatu, akasema kiti cha kesho kwenye gari ni cha Clifford. Hakim abaki na mbuzi wake. Yalla, kila mtu kazini. Mimi kwa neno langu sikupata adhabu yoyote, na mpaka leo linanikera kuliko kama ningepigwa.

Usiku ule Clifford alilala stoo. Asubuhi jiko lilikuwa linawaka, moto mweupe, kioo safi.

Gari lilikuja saa nne. Madam na mama yake wakashuka wakaingia ndani kwenye joto. Annah, uso umefungwa bandeji, alisimama dirishani, hakutoka. Clifford alitoka na begi moja, shingo imevimba malengelenge ya makaa yangu. Alikuja kwangu kwanza akainamisha kichwa, nami nikamwekea mkono juu ya kichwa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Kisha akamwendea Hakim kwenye zizi. Aliweka begi chini akanyoosha mikono yote miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikukosea."

Hakim aliitazama ile mikono. Tangu tumjue hakuwahi kumpandishia mtu sauti, hata mbuzi aliwanong'oneza. Alikunja ngumi akampiga Clifford mdomoni. Hakuwa mtu wa kupiga na bado alipiga vizuri. Clifford alirudi nyuma hatua mbili, akatema damu, akangoja kama kuna ya pili. Haikuja. Akaokota begi lake, akaingia garini, na dereva akamkataza kuegemeza kichwa kwenye kiti asije akakichafua.

Gari lilipopotea kwenye kona nilimkuta Hakim amekaa juu ya gunia, mkono uliopiga ameuweka mapajani, anautazama.

"Alistahili," nikamwambia. "Usijiumize."

Akatikisa kichwa. Maneno yalimtoka kwa shida, kwenye ule mwanya wa meno.

"Mama Rukiya, yeye alinipiga wakati mimi nasema ukweli. Sasa na mimi nimempiga wakati yeye anasema ukweli."

Akafungua gunia, akajaza mfuko wake vidonge vya kijani, akaenda kuwalisha mbuzi.